Mashauri kwa Msafiri wa Gari la Moshi Aendaye Nairobi

Watu wengi huondoka Mombasa kila siku kwa gari la moshi kwenda Nairobi. Mmoja huenda kuwatazama nduguze, mwingine kumwuguza mgonjwa hospitalini, mwingine kutafuta kazi viwandani, na yupo pia aendaye kuuona mji tu, kwa kuwa amesikia habari zake tangu utotoni. Karibu wote hujitayarisha kwa ile safari ndefu ya kilomita 472: nguo hufuliwa, zawadi hufungwa, na saa za gari huulizwa mara tatu. Lakini ile safari fupi inayofuata, yaani kutoka stesheni kubwa ya Syokimau mpaka mlangoni kwa jamaa huko Makongeni, Jericho au Mukuru, huachwa mikononi mwa bahati. Nayo ndiyo inayoharibu mambo. Katika kipande hicho kidogo ndimo mgeni anamopotea, anamotozwa nauli mara tatu, anamoibiwa simu, au anamoishia kugonga mlango usiku wa manane kwenye chumba ambacho tayari kimelaza watu sita.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwisho wa Mei 1899 ilifika kwenye tambarare ya majimaji ambako Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao, wakapaita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwa muda wa zaidi ya karne moja abiria walisafiri juu ya reli hiyo usiku kucha, na mara nyingi jua la siku ya pili liliwakuta bado wako njiani. Magari hayo ya abiria yalikoma Aprili 2017. Tarehe 31 Mei mwaka uo huo yalianza kwenda magari mapya yaitwayo Madaraka Express, ambayo huimaliza safari nzima kwa saa tano au sita. Jina la gari la moshi limebaki midomoni mwa watu, ingawa injini za mvuke zimekwisha zamani na za leo hutumia mafuta ya dizeli.

Tikiti hununuliwa kabla, kwa simu ya mkono au kwa mtandao wa Shirika la Reli la Kenya. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka mwisho hadi mwisho ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Yafaa kuuliza tena kabla ya kulipa, maana bei hubadilika. Tikiti huandikwa jina la msafiri na nambari ya kitambulisho chake, na vyote viwili hutazamwa mlangoni. Kwa hiyo atakayenunua tikiti ya mtu mwingine mitaani, hata kama ni rahisi, amenunua karatasi tupu. Wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na siku za kufunga shule, viti hujaa mapema sana, nao ambao hungoja mpaka juma la sikukuu hupanda basi kwa nauli iliyopandishwa.

Jambo la kuamua kwa akili ni saa ya kuondoka. Kwa desturi liko gari la asubuhi liondokalo saa mbili, ambalo husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Liko la alasiri liondokalo saa tisa. Na liko la usiku, la saa nne. Wengi hulidharau lile la asubuhi kwa sababu ya kusimama kwake. Hilo ni kosa. Lile la alasiri huingia Syokimau giza limekwisha kutanda, na lile la usiku hufika kabla ya alfajiri, wakati ambapo mgeni hana la kufanya isipokuwa kuketi stesheni na kukumbatia mzigo wake, au kujitia mikononi mwa wenye teksi. Lile la asubuhi hufika mchana, na mchana huo una thamani kuliko saa moja iliyopotea kwenye vituo vya njiani. Tena ndilo gari pekee ambalo abiria wake huiona nchi yote kwa macho yake.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na kisiwa, na barabara ya Changamwe yaweza kufungana wakati wowote. Inafaa kufika mapema, si chini ya saa moja kabla ya gari kuondoka. Hapo mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi huipitia wakinusa. Kisha hupitishwa kwenye mashine, na watu nao hukaguliwa. Wapo ambao hawapendi mbwa akaribie vitu vyao vya ibada. Hao na wafunge misala na kanzu ndani ya mfuko mwingine, katikati ya nguo. Visu, petroli, mafuta ya taa na vitu vya kuwaka haviruhusiwi. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya nzima tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi zawadi zitiwe katika kikapu au mfuko wa nguo. Na kwa habari ya zawadi, nazi, achari na mabuyu hufurahiwa sana Nairobi. Papa mkavu pia hufurahiwa, lakini si na abiria wa behewa zima. Madirisha ya behewa hayafunguliwi, na harufu yake husafiri daraja zote kwa nauli moja.

Katika daraja la kawaida viti hutazamana, watatu upande huu na wawili upande ule. Akiweza kupata kiti cha dirishani upande wa kushoto, msafiri aendaye Nairobi atakuwa na bahati, kwa maana upande huo ndio wa Kilimanjaro, nao mlima huonekana siku ambazo mawingu yameinuka. Kwanza hupita minazi, kisha nchi hukauka na gari huingia nyika ya Taru, ambayo wapagazi wa zamani waliiogopa kwa kukosa maji. Baada ya Taru huja vilima vya Taita na Voi, na kutoka Voi gari huenda katikati ya mbuga mbili za Tsavo, ya mashariki na ya magharibi, ambazo kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Reli imejengwa juu ya boma la udongo, na chini yake yameachwa mapito mapana ili ndovu na twiga wavuke bila kugongwa. Ndovu wa huko ni wekundu, si kwa ngozi bali kwa udongo wanaojirushia. Watoto hawachoki kuwatafuta, na njia nzuri ya kumtuliza mtoto katika safari hii ni kumpa kazi ya kuwahesabu.

Habari ya simba wa Tsavo huelezwa katika kila behewa, nayo huongezwa chumvi kila inapoelezwa. Ukweli ni kwamba mwaka 1898 simba wawili waliwavamia wajenzi wa daraja la mto Tsavo kwa muda wa miezi kadhaa, kazi ikasimama, mpaka mkuu wa ujenzi, J. H. Patterson, alipowaua Desemba. Yeye mwenyewe baadaye alitaja watu 135 walioliwa. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba watu walioliwa walikuwa yapata 35. Hata hao ni wengi.

Tangu Mtito Andei nchi huzidi kupanda. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu yake; mtu wa pwani hulitambua jambo hilo kwa ngozi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Nairobi ni wa baridi kali kwake, na sweta moja nzito ina faida kuliko mashati matatu mapya.

Gari linapoingia Syokimau, wageni hudhani wamefika mjini. Bado. Mahali hapo paliitwa kwa jina la mwanamke mtabiri wa Wakamba, ambaye yasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka baharini, akitema moshi, na kuvuka nchi. Nyoka wa leo huishia hapo hapo kwa jina la mtabiri wake, kwa sababu moja nyepesi kueleza: reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na ile ya zamani iendayo katikati ya mji ina milimita 1,000. Magurudumu ya gari la Mombasa hayawezi kupita juu ya reli ya zamani. Abiria wote wa Nairobi sharti washuke.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya barabara: teksi na matatu hungoja nje, na Barabara ya Mombasa ikiwa imejaa magari, safari ya kilomita chache yaweza kula saa moja na zaidi. Ya pili ni gari dogo la abiria wa mjini, ambalo hukutana na abiria wa Madaraka hapo hapo stesheni na kuwapeleka mpaka stesheni kuu ya Nairobi kwa nauli ndogo, likipita Imara Daima na Makadara. Kwa mgeni mwenye mzigo wa kiasi na mwenye jamaa upande wa Eastlands, gari dogo ni bora. Kwanza halijui msongamano. Pili halina mtu wa kupandisha nauli kwa kutazama uso wa abiria. Tatu laweza kumshusha karibu na mlango wake, bila kumfikisha kwanza katikati ya mji na kumrudisha tena. Aendaye Mukuru kwa Njenga hushuka Imara Daima. Aendaye Makadara, Hamza, Maringo au Jericho hushuka Makadara. Kwa kuwa si kila gari husimama kila mahali, mwenye tikiti na aulize kabla ya kupanda.

Gari hilo huenda polepole, likipiga honi ndefu, maana watu huvuka reli mbele yake na wengine hutandaza biashara kando yake. Kutoka dirishani hauonekani uso wa mji. Huonekana mgongo wake. Upande mmoja ni mabati ya Mukuru, yaliyobanana mpaka ukingoni mwa reli; upande wa pili ni kuta za viwanda, maghala, matangi na malori yanayongoja zamu. Hili ndilo Eneo la Viwanda, Industrial Area, ambalo limewalisha watu wa mashamba na wa pwani kwa miaka mingi. Viwanda viliwekwa hapo kwa sababu ya reli yenyewe: mabehewa ya mizigo yaliweza kusukumwa kwa vijia vya pembeni mpaka mlangoni mwa ghala. Mpango wa mji uliotolewa mwaka 1948 uliendeleza mkono uo huo, ukaziweka nyumba za wafanyakazi Waafrika mashariki, karibu na viwanda na reli, mahali ambapo mtu angeweza kwenda kazini kwa miguu. Maelfu bado huenda kwa miguu. Mgeni atakayetazama alfajiri atawaona wakivuka Barabara ya Jogoo kwa makundi, wengi wao bila kufungua kinywa, kila mmoja akiwahi lango lake.

Mtu wa pwani hucheka anaposoma vibao vya barabara za eneo hilo. Kuna Likoni isiyo na kivuko, Changamwe isiyo na bandari jirani, na Lunga Lunga ambayo haimpeleki mtu Tanga. Lakini majina ya mitaa yafaa yajulikane kwa makini, kwa maana kutoyajua humpoteza mtu. Akiambiwa "njoo Mukuru," na aulize kama ni Mukuru kwa Njenga au Mukuru kwa Reuben. Akiambiwa "Ofafa," na aulize kama ni Ofafa Jericho au Ofafa Maringo. Jina hilo ni la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mjini mwaka 1953. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake, ambaye ukoo wake ni wa Freretown, Mombasa. Kariokor ni ukumbusho wa wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na soko la Burma ni ukumbusho wa askari waliopigana Burma katika vita vya pili. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na wazee wa Makongeni, akiwapata, watamweleza msafiri habari za reli ambazo hakuna kitabu kilichoziandika.

Basi kabla ya kuondoka Mombasa, msafiri na aandike kwenye karatasi, si katika simu tu, jina kamili la mtaa, nambari ya nyumba au jina la ploti, kitu kikubwa kilicho karibu kama msikiti, kanisa, shule au soko, na nambari za simu za watu wawili wa nyumba hiyo. Simu huibiwa au huzimika. Karatasi iliyomo mfukoni haina mwizi. Katika matatu, nauli iulizwe kabla ya kupanda, kwa maana hupanda mvua inaponyesha na watu wanapotoka kazini. Simu isitolewe dirishani. Mtu akimwita mgeni kwa furaha kubwa na kumwambia kwamba wametoka kijiji kimoja, amwulize jina la mzee wa kijiji hicho, kisha aendelee na safari yake.

Jambo la wenyeji lahitaji kusemwa wazi, hata kama lauma kidogo. Kwetu pwani na mashambani, mgeni huja bila kutangaza, naye hupewa kitanda. Huko Eastlands familia nyingi hukaa chumba kimoja, na kodi yake hulipwa kila mwezi. Maji hayaji kila siku, na mahali pengi hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Umeme hununuliwa kwa tokeni. Mgeni anayeoga mara mbili kwa siku kama alivyozoea Mombasa huoga fedha za mwenyeji wake, naye mwenyeji, kwa heshima, hatasema neno. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nairobi hakuna shamba, lakini jembe lipo: ni kubeba ule mtungi wa maji, kununua tokeni, au kuleta kilo mbili za unga jioni bila kuambiwa. Na muda wa kukaa utajwe mapema. Kusema "nitakaa siku tano" kwa simu ni adabu kubwa kuliko kilo kumi za nazi.

Kwa yule aendaye kutafuta kazi, yako mambo mengine mawili. Lango la kiwanda huajiri vibarua asubuhi na mapema, na hakuna mwajiri wa haki anayedai fedha ili mtu apate kazi. Anayedai ni dalali, na kesho yake hatapatikana. Aliyekwisha kupata kibarua na ajue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazotimiza mwezi mmoja, ana haki ya kuhesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi. Kwa hiyo aandike kila siku aliyofanya kazi katika daftari.

La pili ni chumba. Mwenye kupangisha karibu na mto hutoza kodi ndogo, nayo sababu ipo. Katika mvua za Aprili 2024 mito ya Nairobi ilifurika usiku, ikaingia nyumba za Mathare na Mukuru, na watu wengi wakafa au wakabaki bila makao. Mwezi uliofuata serikali ilizibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Mgeni asiyejua mambo haya huonyeshwa chumba kizuri wakati wa kiangazi, na kukiona rahisi. Na aende mwenyewe kuutazama mto uko wapi, kisha awaulize majirani maji yalifika wapi mwaka huo. Watamwonyesha alama ukutani.

Mwenye nafasi ya siku moja, kabla ya kurudi, na aende kwenye makumbusho ya reli, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971. Humo mna injini kubwa ya mvuke iitwayo Mount Gelai, ya kundi ambalo kila injini yake ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, nazo zilikuwa miongoni mwa injini zenye nguvu kuliko zote duniani zilizopita juu ya reli ya mita moja. Mna pia lile behewa ambamo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alivutwa na simba kupitia dirishani huko Kima, Juni 1900, alipokuwa akimvizia simba huyo huyo. Watoto waliohesabu ndovu wa Tsavo hulitazama dirisha hilo kwa muda mrefu.

Tikiti ya kurudi yafaa inunuliwe pamoja na ile ya kwenda. Gari la asubuhi la kurudi Mombasa huondoka Syokimau saa mbili, na Barabara ya Mombasa saa hizo haina huruma kwa mtu yeyote. Siku moja kabla, msafiri na aulize Makadara au stesheni kuu saa ya gari dogo la kwanza liendalo Syokimau, kisha alale mapema, mzigo ukiwa umefungwa. Kiti cha Kilimanjaro, akirudi, ni cha upande wa kulia.